Spika Ndogo Haiombi Wati, Inaomba Kutuliwa Mzigo

Mtu akishanunua spika ndogo za kuweka rafuni, swali linalofuata huwa ni lile lile: nichukue risiva, yaani ile mashine inayopokea sauti na kuzisukuma spika, ya wati ngapi? Marafiki wameniuliza, shemeji yangu ameniuliza, na kila mara naona mazungumzo yameanzia mkiani. Wati huja mwisho. Kabla ya wati kuna swali la nani atabeba besi, yaani sauti nzito za chini, na kabla ya hilo kuna swali la spika yenyewe inaishia wapi.

Nasema hivi kwa sababu ya jinsi besi inavyotengenezwa. Koni ya spika husukuma hewa, na kadiri sauti inavyoshuka ndivyo koni inavyotakiwa kwenda na kurudi kwa umbali mrefu zaidi ili usikie kiwango kile kile. Kila ukishuka oktava moja, yaani mitetemo kwa sekunde (hezi) ikipungua kwa nusu, mwendo huongezeka mara nne. Koni inayotembea milimita 1 kwenye hezi 80 itatakiwa itembee milimita 4 kwenye hezi 40, na milimita 16 kwenye hezi 20. Sasa koni ya sentimita 13, ambayo ni ya kawaida kwenye spika za rafuni, ina milimita chache tu za kutembea kila upande kabla haijafika mwisho wake. Uilishe wati elfu moja haitakupa hezi 25. Itakupa moshi.

Koni ya sentimita 26 ya sabufa, yaani spika maalumu ya besi, ina eneo mara nne ya ile ya sentimita 13, tena imejengwa kwa safari ndefu. Kazi ambayo ndogo inaifanya kwa kuhema, kubwa inaifanya bila kutikisika sana. Hilo ndilo jambo lote, mengine ni maelezo.

Halafu kuna boksi. Josef Anton Hofmann, ambaye jina lake ndilo herufi ya mwisho katika kampuni ya spika ya KLH ya Marekani, anatajwa kwa kanuni ambayo watengeneza spika huiita kanuni ya chuma: boksi dogo, besi inayoshuka chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua mawili, la tatu utalikosa. Ukiona spika ndogo inayojigamba kwamba inayo yote matatu, geuza karatasi yake usome maandishi madogo.

Mfano mzuri ni LS3/5A, spika ambayo BBC waliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambako nafasi ilikuwa finyu na kazi kubwa ilikuwa kusikiliza sauti za watu. Boksi lake ni la lita 5 hivi. Hadi leo wapo wanaoisaka, na kwa sauti ya mtu anayezungumza ni vigumu kuikosoa. Lakini ukiipa wati moja inatoa kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 83 tu, na besi yake huanza kuporomoka mapema. Inacho pia kijimwinuko sehemu ya juu ya besi, kwenye hezi mia na kitu, kinacholifanya sikio lidhani kuna besi kuliko iliyopo. Spika nyingi ndogo za sasa zinacho kijimwinuko hicho, na ndicho kinachowachanganya watu siku wanapoleta sabufa: eneo lile linavimba mara mbili, sauti inakuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua, na lawama zote zinaishukia sabufa.

Basi anza kwa kujua spika yako inaishia wapi kikweli. Kwenye karatasi utasoma "hezi 50 hadi 20,000". Tafuta kilichoandikwa pembeni yake. Kama ni desibeli 3 juu au chini, sawa, hiyo ni ahadi inayoeleweka. Kama hakuna kitu, hiyo 50 inaweza kuwa mahali ambapo sauti imeshazama desibeli 6 au hata 10, yaani inasikika kwa mbali ukikaza sikio. Nikikuta karatasi ya namna hiyo, huwa nakisia kwamba spika inaanza kulegea kwenye hezi 65 au 70, na mara nyingi vipimo vya watu huru havinipingi.

Kuna jaribio ambalo napenda kumwonyesha mtu kuliko kumweleza. Ondoa kitambaa cha mbele cha spika. Weka muziki wenye besi nzito na mtu anayeimba juu yake, ongeza sauti hadi kiwango unachokipenda, kisha ingia kwenye menyu ya risiva, sehemu ya spika. Utakuta chaguo mbili, Small na Large. Weka Large kwanza, yaani spika ipelekewe kila kitu. Tazama koni: kila ngoma ikipiga inatoka na kuingia kiasi kwamba unaona ukingo wake wa mpira ukijikunja. Sikiliza na mwimbaji. Kila ngoma ikipiga, sauti yake inatetemeka kidogo, inakuwa na vumbi. Sasa weka Small, na krosova, yaani mpaka ambao chini yake besi hupelekwa kwa sabufa, iwe hezi 100. Koni inaonekana kama imesimama. Ukiigusa kwa ncha ya kidole unahisi mtetemo mwembamba tu. Na mwimbaji anakuwa amesogea mbele hatua moja, maneno yanasikika mpaka mwisho wake.

Sababu ni kwamba kwenye spika ndogo yenye njia mbili, yaani koni moja na kispika kidogo cha sauti za juu, koni hiyo hiyo inayopigania besi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya sauti ya binadamu. Ikiwa inakimbizwa huku na huko na hezi 40, kila kingine kinachotoka kwake kinatikiswa pamoja nayo. Ukiitua mzigo wa chini, unapata vitu vitatu kwa mpigo: sauti safi ya kati, koni isiyo katika hatari ya kuungua koili, na ampilifaya ndani ya risiva inayopumua, kwa sababu besi ndiyo inayokula umeme mwingi. Risiva ya kawaida kabisa iliyopumzishwa besi inaishinda risiva nzito inayolazimishwa kusukuma hezi 30 kupitia koni ya sentimita 13. Neno Small kwenye menyu halikutukani spika yako. Ni jina baya tu la kitu kizuri.

Kwa nini hezi 80 ndiyo namba inayotajwa kila mahali? Kiwango hicho kilienezwa na THX, mradi wa viwango vya sauti za sinema ulioanzia kampuni ya filamu ya Lucasfilm mwaka 1983 chini ya mhandisi Tomlinson Holman. Mantiki yake ni mbili. Ya kwanza, chini ya maeneo hayo sikio linapata shida kutambua sauti inatoka upande gani, kwa hiyo sabufa inaweza kukaa ilipo nafasi na bado besi ikaonekana kutoka kwenye spika za mbele. Ya pili ni ya kihandisi zaidi, nami naipenda kwa unadhifu wake. Spika yenye boksi lililofungwa kabisa huporomoka yenyewe kwa desibeli 12 kila oktava. Risiva nayo inaichuja kwa desibeli 12 nyingine. Jumla 24, ambayo ndiyo kasi ya kichujio kinachotumika upande wa sabufa. Ikiwa spika inaanza kushuka yenyewe kwenye hezi 80, pande mbili zinakutana zikiwa na mteremko unaofanana, na mshono hausikiki.

Lakini hiyo hezi 80 ilikusudiwa spika zinazofika 80 zikiwa na nguvu. Spika yako ikianza kulegea kwenye 65, ukiweka krosova 80 umeiachia nafasi finyu sana. Mimi hupenda nusu oktava au zaidi juu ya mahali inapolegea, kwa hiyo 65 inanipeleka 100. Wapo wanaoona 100 ni aibu, kana kwamba ni kukiri spika ni dhaifu. Waache. Kwa spika za rafuni zenye koni ya sentimita 10 hadi 13, 100 hukaa vizuri mara nyingi kuliko 80, na hata 110 si dhambi.

Spika zenye boksi lenye tundu zina jambo lao. Tundu linasaidia besi mpaka kiwango fulani, kisha chini ya hapo hewa haiizuii koni tena, inaruka ovyo, na mteremko unakuwa desibeli 24 kila oktava. Ukishaikata kwenye 100, tundu halina kazi kubwa tena. Baadhi ya spika huja na vipande vya sponji vya kuziba. Viweke. Besi ya spika inapungua kidogo, mteremko unakaribia ule wa boksi lililofungwa, na kuunganika na sabufa kunakuwa rahisi. Kama hazikuja na sponji, soksi safi iliyokunjwa inafanya kazi ile ile na hakuna atakayejua.

Shida kubwa ipo kwa vile vispika vidogo kabisa, vya kukaa kwenye kiganja, vyenye koni ya sentimita 7 au 8. Hivi vinaishiwa nguvu kwenye hezi 150, vingine hata 200. Hapo huna ujanja, krosova lazima ipande. Na ikipanda, sabufa inaanza kubeba vitu ambavyo sikio linavitambua mwelekeo. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia takribani hezi 85 na kuendelea hadi 180, kutegemea mtu. Weka krosova kwenye 160 na sabufa kwenye kona nyuma ya kochi, kisha tazama filamu: mdomo wa mwigizaji uko mbele, kifua chake kiko nyuma yako. Ukishakigundua kituko hicho huwezi kukisahau. Dawa yake ni kuleta sabufa mbele, katikati ya spika mbili za mbele au karibu sana nazo, na kukubali kwamba mfumo wa namna hiyo haukupi uhuru wa kuchagua mahali pa kuficha boksi. Ikiwa bado hujanunua, spika yenye koni ya sentimita 10 ni hatua ndogo kwa ukubwa na kubwa sana kwa matokeo.

Sabufa yenyewe, basi. Watu huuliza inashuka hadi ngapi. Ni swali la haki, lakini kwa mwenye spika ndogo lipo lingine la kuanza nalo: inapanda hadi ngapi ikiwa safi? Krosova ikiwa 100 au 120, sabufa haikatiki ghafla hapo. Kwa mteremko wa desibeli 24 kila oktava, kwenye hezi 240 bado inasikika, desibeli 24 chini tu. Sabufa nzito iliyobuniwa kutikisa vioo kwenye hezi 20 inaweza kuwa bubu na yenye vumbi kwenye 120. Kwa spika ndogo napendelea sabufa ya sentimita 25 hivi, ya boksi lililofungwa au lenye tundu lililobuniwa vizuri, kuliko dubwana la sentimita 38 lisilojua kunyamaza. Sabufa inayokwaruza inajiumbua kwa njia nyingine pia: hezi 40 iliyopotoshwa huzaa 80, 120 na 160, na hizo ndizo zinazolionyesha sikio sabufa ilipo. Mtu analaumu krosova kumbe koni ndiyo inayolia.

Boksi lililofungwa au lenye tundu? Kwa chumba kidogo, lililofungwa linashuka pole pole na kuta za chumba zinalisaidia chini kabisa. Lenye tundu linatoa nguvu zaidi kwenye hezi 20 na 30 kwa umeme ule ule, lakini ni kubwa, na tundu likiwa jembamba unasikia hewa ikifoka wakati wa mlipuko. Kwa filamu ningechukua lenye tundu kama nafasi ipo. Kwa muziki zaidi, lililofungwa. Na usishangae visabufa vidogo kama mpira wa kikapu vina wati mia tano ndani yake. Ni kanuni ya Hofmann ile ile inayodai deni lake. Boksi dogo, besi ya chini, kwa hiyo umeme mwingi.

Sasa tunaweza kurudi kwenye wati za risiva.

Chukua spika inayotoa desibeli 85 kwa wati 1 ukiwa mita 1. Ukikaa mita 3, kwenye uwanja wazi unapoteza desibeli 9 na nusu, kwa hiyo unasikia 75 na kitu. Ndani ya chumba hali ni nafuu kuliko hapo, lakini tuhesabu kwa ugumu. Kufikia kilele cha desibeli 90 mahali ulipokaa unahitaji wati 28 hivi. Kufikia 95, wati 90. Kufikia 105, ambacho ndicho kilele cha kila chaneli kwa kiwango cha majumba ya sinema, ungehitaji karibu wati 900, na spika ingekufa kabla ya kufika. Angalia hesabu hiyo inavyopanda: kila desibeli 3 inadai wati mara mbili. Tofauti ya risiva ya wati 80 na ya wati 100 haifiki hata desibeli moja. Hakuna sikio litakaloshika tofauti hiyo katikati ya filamu.

Ujanja mwingine uko kwenye omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Watengenezaji wengi hupima spika kwa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8 ni wati 1 kamili. Kwa spika ya omu 4 volti hizo hizo ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli 88 ni sawa na 85 ukihesabu kwa wati. Nyingi za spika ndogo nzuri ni za omu 4 au hushuka huko kwenye baadhi ya masafa, kwa hiyo hakikisha kitabu cha risiva kinaikubali omu 4. Kuna risiva zina swichi ya omu kwenye menyu. Mara nyingi swichi hiyo inapunguza tu volti ya ndani ili mashine isipate joto, na nguvu inapungua nayo. Mimi huiacha ilivyotoka kiwandani na kuipa risiva hewa ya kutosha juu yake.

Na wati zilizoandikwa kwenye boksi zisome kwa jicho la mhasibu. Mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ililazimika kuweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za ampilifaya kwa sababu namba zilikuwa za hewani. Hata sasa utaona wati 150 kwa herufi kubwa, kisha kwa herufi za sisimizi: chaneli moja, omu 6, hezi 1,000, upotoshaji asilimia 10. Tafuta mstari mwingine unaosema chaneli mbili, omu 8, hezi 20 hadi 20,000, upotoshaji chini ya asilimia 0.1. Hapo 150 huwa imeshuka hadi 80 au 90. Si ulaghai kamili, ni vipimo viwili vya kitu kimoja, ila kimoja tu ndicho kinachofanana na maisha.

Kinachonivutia kwenye risiva ni vitu ambavyo muuzaji havitaji. Je, krosova inawekwa kwa kila kundi la spika peke yake? Hilo kwangu ni sharti. Spika za mbele zinaweza kutaka 90, ya katikati 100, za pembeni zikawa ndogo zaidi zikataka 150. Risiva yenye krosova moja kwa wote itakulazimisha ufuate iliyo dhaifu kuliko zote. Je, ina matundu mawili ya kupelekea sauti kwa sabufa yanayorekebishwa kila moja kivyake, au ni matundu mawili yaliyounganishwa ndani? Na inatumia programu gani ya kupima chumba? Audyssey, Dirac Live, YPAO ya Yamaha, zote zina wapenzi na wapinzani. Ninachoangalia ni kama inarekebisha na besi ya sabufa, kwa sababu kuna matoleo ya bei ya chini yanayogusa spika na kuiacha sabufa ilivyo, wakati sabufa ndiyo mgonjwa. Waya za spika sitazizungumzia. Shaba nene ya kawaida inatosha.

Kuunganisha ni rahisi: waya mmoja kutoka tundu la sabufa kwenye risiva kwenda tundu lililoandikwa LFE kwenye sabufa. Kama sabufa haina tundu la LFE, zungusha kitufe chake cha krosova hadi mwisho wa juu. Risiva imeshachuja; ukiacha kile kitufe kwenye 80 unachuja mara mbili, na kunatokea shimo katikati ya sabufa na spika ambalo hakuna programu itakayoliziba. Sauti ya sabufa weka karibu na nusu, kisha acha risiva ipime. Ikimaliza, angalia kiwango ilichoipa sabufa. Kama imeangukia mwisho kabisa, desibeli 12 chini, huwezi kujua kama hapo ndipo ilipotaka au ndipo ilipoishiwa nafasi. Punguza kitufe cha sabufa upime tena.

Baada ya kupima huwa naenda kwenye menyu na kuangalia mambo yafuatayo. Programu mara nyingi huziita spika za mbele Large, kwa sababu maikrofoni imesikia besi iliyosaidiwa na ukuta. Nazirudisha Small. Krosova ikiwa chini ya ninavyotaka, naipandisha. Kupandisha hakuna madhara, kushusha chini ya ilivyopima kunaacha kipande kisichorekebishwa. Kuna mahali pengine pameandikwa kichujio cha LFE, ambacho si krosova ya spika. LFE ni ile chaneli ya pekee ya filamu, ile nukta moja katika 5.1, na inabeba sauti hadi hezi 120. Kichujio chake naacha 120. Halafu kuna chaguo la kupeleka besi kwa spika na sabufa kwa pamoja. Hilo lizime, linarudisha mzigo uliotoka kuutua.

Umbali wa sabufa unawashangaza wengi. Umeipima kwa futi kamba, mita 3. Risiva inasema 4.4. Usiisahihishe. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa kila milisekunde, na elektroniki za ndani ya sabufa huchelewesha sauti milisekunde kadhaa. Risiva inaandika ucheleweshaji huo kwa lugha ya mita. Ukiibadilisha iwe 3, sabufa itaingia ikiwa imechelewa na hapo kwenye krosova pande mbili zitapingana. Ukitaka kuhakikisha, cheza toni ya masafa ya krosova yako, kaa kwenye kiti chako, na mtu mwingine abadilishe kati ya 0 na 180 swichi ya fezi, ile inayogeuza mwelekeo wa mwendo wa koni ya sabufa. Upande unaosikika kwa nguvu zaidi ndio sahihi.

Yote haya yanaweza kuharibiwa na mahali ulipoiweka sabufa. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, kubwa kuliko vyumba vingi, kwa hiyo linagonga ukuta na kurudi kujipinga lenyewe. Chumba cha urefu wa mita 5 kina mvumo wake wa kwanza kwenye hezi 34 na wa pili kwenye 68. Ukikaa katikati kabisa ya chumba hicho, 34 inatoweka. Ukikaa na kisogo ukutani, inafurika. Njia ninayoiamini ni ya kuchekesha kidogo: beba sabufa uiweke juu ya kiti chako, cheza besi inayopanda na kushuka, kisha tambaa sakafuni ukipita sehemu zote ambazo sabufa ingeweza kukaa, kichwa kikiwa chini. Pale unaposikia kila noti kwa kiwango kinacholingana, si pale inapovuma kuliko kote, ndipo pa kuiweka. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kutoka A kwenda B ni ile ile ya kutoka B kwenda A. Funga mlango kwanza kama una majirani wenye maneno.

Kona inaongeza nguvu na kuamsha mivumo yote ya chumba kwa wakati mmoja. Wenye sabufa ndogo wanahitaji nguvu hiyo, kwa hiyo siipingi moja kwa moja. Sogeza nusu mita kutoka konani, pima, sogeza tena.

Kwa kusikiliza usiku kwa sauti ya chini, kumbuka kwamba sikio lenyewe linapunguza besi. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hilo kwa vipimo mwaka 1933: sauti ikishuka, besi inapotea haraka kuliko sauti za kati. Kama risiva ina kipengele cha kuongeza besi kadiri unavyopunguza sauti, kitumie usiku na ukizime ukiongeza. Na angalia sabufa isiwe imelala. Nyingi hujizima zikikosa ishara yenye nguvu, halafu zinaamka katikati ya sentensi kwa mshindo.

Kama umefanya yote hayo na kochi moja lina besi nzuri wakati kiti cha pembeni hakina kitu, tatizo si risiva wala spika, ni chumba, na dawa yake ni sabufa ya pili. Todd Welti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman alichunguza mpangilio wa sabufa nyingi ndani ya chumba na kuonyesha kwamba mbili zikikaa katikati ya kuta zinazotazamana hulainisha tofauti kati ya kiti na kiti kwa kiasi ambacho moja haiwezi. Si lazima ziwe kubwa. Mbili ndogo zinazofanana huwa naziamini kuliko moja kubwa, na kwa mwenye spika ndogo zina faida ya ziada: krosova ikilazimika kupanda hadi 120, moja inaweza kukaa kushoto na nyingine kulia, na besi haielekei upande mmoja. Bajeti ikibana kati ya risiva ya daraja la juu na sabufa ya pili, mimi nachukua sabufa ya pili, mradi risiva iliyopo inaniruhusu kuweka krosova ninapotaka.